Kibao Huja Mwisho: Namna Barabara ya Mji Inavyobadilishwa Jina

Panda tuktuk pale stendi kuu ya Kisumu, mwambie dereva akupeleke Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital. Atageuka akuangalie kidogo, kisha akuulize, "Russia?" Hospitali hiyo ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ikafunguliwa Oktoba 1969 katika siku iliyomwaga damu mjini, ikaitwa New Nyanza, na miaka mingi baadaye ikapewa jina la Jaramogi. Barua zote rasmi zimefuata jina hilo. Watu wamebaki na Russia yao.

Mji wenyewe una kisa cha aina hiyo hiyo. Reli ilipofika ziwani mwishoni mwa 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Jina hilo lilikuwa na serikali nzima nyuma yake. Wenyeji waliendelea tu kusema Kisumo, mahali pa kubadilishana chakula, na baada ya muda wakubwa wenyewe wakawafuata.

Kwa hiyo anayetaka barabara ya mji ipewe jina la mtu anayestahili zaidi ajue mapema kwamba kibao, kile ambacho waheshimiwa hupigwa picha wakikifunua, ni hatua ya mwisho na nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe ni kujua barabara ni ya nani, kuthibitisha kwamba jina moja linastahili kutoka na jingine kuingia, kupitisha uamuzi mahali penye mamlaka, na kuwapunguzia wenye maduka usumbufu. Anayeanza na kibao hujikuta anakiokota mtaroni.

Mfano haujapoa. Mei 2021 kibao chenye jina la Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi anayetoka Khwisero, kilitokea Kileleshwa jijini Nairobi kwenye barabara iliyojulikana kama Dik Dik Road. Kilichomwa moto, kikang'olewa, kikarudishwa. Mjini watu walibishana kama Atwoli anastahili barabara akiwa hai. Lakini wakazi wa pale walikuwa na swali fupi zaidi: nani alituuliza?

Barabara ni ya nani?

Hapa ndipo maombi mengi hufia kabla hayajazaliwa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa barabara: za kaunti ni za kaunti, na njia kuu ni za serikali ya kitaifa. Njia hizo kuu zinasimamiwa na mashirika yaliyoundwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa zile za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Orodha ya madaraja ya barabara ilichapishwa upya kwenye gazeti rasmi la serikali Januari 2016, na hadi leo kaunti na serikali ya kitaifa hazijamaliza kugombania barabara na pesa za kuzitengeneza.

Chukua Uganda Road pale Eldoret. Kwa macho ni barabara ya mji: maduka pande zote mbili, bodaboda, wauza simu, matatu zinazopakia abiria. Kumbe ni kipande cha A8, njia inayotoka pwani kupita Nairobi na Nakuru hadi Malaba. Bunge la kaunti laweza kujadili jina lake siku nzima na kupiga makofi, lakini anayesimika nguzo kando ya barabara hiyo ni mwingine. Kisumu mtego ni ule ule kwenye njia zinazotoka mjini kuelekea Kakamega na Busia. Taa za barabarani zinaweza kuwa za kaunti, ushuru wa vibanda ukalipwa kwa kaunti, na ardhi ya hifadhi ya barabara ikabaki ya taifa.

Dawa yake ni barua. Andika kwa idara ya barabara ya kaunti, nakala kwa KURA na KeNHA, uulize mambo matatu: barabara hii ni ya daraja gani na nambari gani, inaanzia na kuishia wapi, na hifadhi yake ina upana wa mita ngapi. Taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 za kujibu. Usikubali jibu la mdomo. Jibu la maandishi ndilo litakuwa kiambatisho cha kwanza cha ombi lako, na ndilo litakaloziba mdomo wa yule ambaye miezi sita baadaye atasema kaunti haikuwa na mamlaka.

Mwanzo na mwisho wa barabara vielezwe kwa makutano, si kwa sifa. "Barabara inayopita karibu na soko" haitoshi, maana soko lina barabara nne. Andika: kutoka makutano na barabara fulani hadi mzunguko fulani, mita kadhaa, pamoja na viwianishi (namba za mahali kwenye ramani) vya ncha zote mbili kutoka kwenye simu. Usipofanya hivyo, barabara moja itaishia na majina mawili katikati, na mwenye duka aliye mpakani atakuwa na anwani mbili. Barabara za ndani ya mitaa binafsi, zilizojengwa na mwenye kuuza nyumba na ambazo kaunti haijazichukua rasmi, ni suala la wamiliki wenyewe; usizipeleke kwenye bunge la kaunti.

Majalada mawili

Tuseme kikundi cha wakazi wa Kisumu kinataka barabara ya Grace Onyango. Huu ni mfano wetu, lakini mtu mwenyewe ni wa kweli na sifa zake zinashikika. Alikuwa mwalimu, akawa diwani, mwaka wa 1965 akawa meya wa Kisumu, na 1969 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa mbunge, akiwakilisha Kisumu Mjini hadi 1983. Alifariki Machi 2023.

Jalada lake lisijazwe sifa za matangani. Liwe na karatasi zinazoweza kukaguliwa: kumbukumbu za vikao vya baraza la mji kama zipo, Hansard (kumbukumbu za mijadala) ya bunge, nakala za magazeti ya wakati huo kutoka hifadhi ya kitaifa ya nyaraka, na barua ya familia inayokubali jina litumike na inayoonyesha linavyoandikwa. Barua ya familia watu huidharau. Bila hiyo, siku ya kikao atasimama binamu aseme familia haikuulizwa, na kikao kitaishia hapo. Kuna pia Sheria ya Mashujaa ya 2014, iliyounda baraza la kitaifa la mashujaa. Mtu akiwa ametambuliwa huko, weka hati hiyo jaladani. Tambua tu kwamba kuwa shujaa kwenye orodha hakumpi mtu barabara moja kwa moja.

Jalada la pili ndilo linalosahaulika: la jina linaloondoka. Neno "anayestahili zaidi" ni la kulinganisha, na huwezi kulinganisha kitu kimoja. Jina la sasa lilitoka wapi? Ni la mtu, la mahali, au la kazi? Ikiwa ni la mtu, alifanya nini hapa? Kamati isiyouliza haya inaweza kufuta jina la mzee wa kitongoji aliyetoa ardhi ya shule kwa sababu tu hakuna aliyebaki anayemjua, na hapo badala ya kurekebisha historia itakuwa imefuta kipande chake kingine. Upande mwingine, kuna majina ambayo hakuna awezaye kuyatetea. Nairobi iliyabadilisha mengi baada ya uhuru: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street baada ya mauaji ya 1969, na hakuna anayelilia walowezi, watawala na malkia wale.

Lakini Kimathi Street ina funzo lake la pembeni. Kwa miongo mizima barabara hiyo ilikuwa na jina la kiongozi wa Mau Mau huku kundi lake likiwa bado limepigwa marufuku kisheria. Marufuku iliondolewa 2003, na sanamu yake ikasimamishwa hapo 2007. Serikali inaweza kukupa barabara na kukunyima kila kitu kingine. Wanaoomba jina la barabara waliweke jambo hilo mbele ya macho yao.

Kipimo tunachokiona bora kina sura hii: mtu awe ameufanyia mji huu kitu kinachotajika, sio taifa kwa jumla, awe amefariki, na muda uwe umepita. Italia ina sheria tangu 1927 inayokataza barabara kupewa jina la mtu ambaye hajatimiza miaka 10 tangu afariki, ila kwa idhini maalumu ya wizara. Sisi hatuna kizuizi cha namna hiyo cha kitaifa, na ndiyo maana anapofariki mtu mkubwa, kama alivyofariki Raila Odinga Oktoba 2025, hoja za majina huja kabla matanga hayajaanuliwa. Miaka 10 huenda ni mingi kwa subira yetu. Hata miwili ingesaidia: hasira na huzuni hutulia, na wanaodai deni la siasa huwa wameshatafuta deni jingine.

Halafu kuna suala la kurudia. Barabara ya Oginga Odinga ipo Kisumu, ipo Nakuru, ipo Eldoret, na hilo halina shida kwa sababu ni miji mitatu. Shida ni mji mmoja kuwa na barabara na hospitali zenye jina moja. Kisumu ina Oginga Odinga Street katikati ya mji na hospitali ya Jaramogi upande wa Kondele. Mtu anayepiga simu ya dharura akiwa amechanganyikiwa na kusema "niko hapa Jaramogi" amesema sehemu mbili. Kabla ya kupendekeza jina, pitia ramani nzima ya mji utafute linalofanana, hata kwa sauti tu.

Majina ya kazi yaachwe. Station Road, Mosque Road, Hospital Road ni majina yasiyomtukuza mtu yeyote lakini yanamfikisha mgeni. Kuyafuta kwa ajili ya shujaa ni kuuza dira ununue picha. Nakuru bado ina Kanu Street, jina la chama kilichoondoka madarakani 2002, na mtu anaweza kujenga hoja nzito kwamba hilo ndilo lianze kuliko Hospital Road popote ilipo.

Na kabla ya yote hayo, tazama barabara zisizo na jina kabisa. Nyalenda, Manyatta na Obunga kule Kisumu, Kaptembwo na Rhonda kule Nakuru, watu huelekezana kwa kinyozi, kwa mwembe, kwa "ukifika penye kinu cha posho kata kushoto". Kumpa shujaa barabara isiyo na jina hakumnyang'anyi mtu kitu, hakumlazimishi mfanyabiashara kuchapisha upya barua zake, na jina hushika haraka kwa sababu halina mpinzani. Kasoro yake ni ya heshima: familia nyingi husikia kwamba baba yao amepelekwa vichochoroni. Hilo lizungumzwe waziwazi. Binafsi tunaona barabara ndefu ya Manyatta inayotumiwa na maelfu kila siku ina heshima kuliko kipande cha mita 150 nyuma ya benki.

Ombi na hoja

Njia ziko mbili. Mwakilishi wadi anaweza kuwasilisha hoja bungeni, au wakazi wenyewe wapeleke ombi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo chini ya mamlaka yake. Njia ya ombi ni ndefu kidogo lakini haifi mwakilishi huyo akihama chama.

Kabla ya kuandika, uliza kwa karani wa bunge kama kaunti imeshatunga sheria au sera yake ya majina ya barabara. Ikiwapo, hiyo ndiyo utakayofuata. Ombi lenyewe huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, likaelekezwa kwa bunge, bila kufutwafutwa wala kuongezwa maneno kando. Lieleze ni juhudi gani zilifanywa kabla na jibu lilikuwa nini, liseme kama suala liko mahakamani au la, na limalizie kwa kutamka unachoomba kwa sentensi moja. Kila mtia sahihi aandike jina kamili, anwani na nambari ya kitambulisho. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Kosa la kila mara ni karatasi za sahihi zisizo na kichwa. Watu hukusanya sahihi 400 kwenye kurasa tupu, kisha ukurasa wa kwanza tu ndio unaotaja ombi, na karani anakataa kurasa nyingine zote kwa sababu hakuna kinachoonyesha waliotia sahihi walikuwa wanatia sahihi nini. Andika kichwa cha ombi juu ya kila ukurasa.

Spika hulipeleka ombi kwa kamati, na kanuni za kudumu kwa kawaida huipa kamati siku 60 kurudi na ripoti. Katika siku hizo ndimo kushirikisha umma kunapotakiwa kufanyika, na ndimo kunapoharibikia. Tangazo dogo la Kiingereza gazetini na mkutano wa saa nne asubuhi katika hoteli si kushirikisha. Wanaoguswa ni wenye majengo ya barabara hiyo, wapangaji wao, wachuuzi, chama cha bodaboda cha stegi ya hapo, msikiti au hekalu au kanisa lililoko kandoni, na shule. Watangazie angalau wiki mbili mapema, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo, kwenye redio inayosikilizwa dukani, na karatasi zibandikwe kwenye barabara yenyewe. Mkutano ufanyike hapo hapo, jioni. Chukua majina ya waliohudhuria na uandike pingamizi pamoja na jibu la kila moja. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazosomwa na jaji, kama kesi itafika kwake. Uamuzi wa kaunti uliopita bila umma kuulizwa hauchukui muda kubatilishwa.

Kesi hupunguza mwendo kweli. Huko Berlin, wilaya iliamua mwaka 2020 kuondoa jina la mtaa lililotokana na neno la dharau kwa watu weusi na kuweka la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa eneo ambalo leo ni Ghana. Pingamizi zilizofuata ziliburura jambo hilo hadi Agosti 2025.

Sasa sikiliza sehemu inayowaponza wengi. Bunge likipitisha hoja au kukubali ripoti ya kamati, bado barabara haijabadilika jina. Azimio linauhimiza upande wa watendaji, basi. Waziri wa kaunti anayehusika, au bodi ya jiji kwa Kisumu na Nakuru, anapaswa kulitekeleza kwa maandishi: uamuzi, tarehe ya kuanza, mipaka ya barabara na tahajia. Uchapishwe kwenye gazeti rasmi, linalotoka kila Ijumaa, ili kila ofisi iwe na kitu kimoja cha kunukuu. Kuna maazimio yanayozeeka kwenye kabati kwa sababu kila mtu aliamini kura ya bunge ilikuwa mwisho wa safari. Baada ya kura, panga miadi na ofisi ya waziri wiki hiyo hiyo.

Herufi moja

Tahajia ifungwe kabla ya gazeti rasmi, maana ikishachapishwa vibaya itakufuata. Kwa eneo la ziwa, adui ni ule mkato mdogo wa juu. Kisumu ina Ang'awa Avenue na Achieng' Oneko Road. Mkato ukidondoka, "Ang'awa" husomeka "Angawa", jina la mtu mwingine. Tofauti ni ile ile iliyo kati ya ng'ombe na ngombe, ambalo si neno. Mchora vibao huuacha kwa sababu kompyuta yake imeukataa, au anauweka juu ya herufi isiyohusika. Kwenye ramani za mtandaoni tatizo hugeuka: mkato ulionyooka na uliopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta, na anayetafuta kwa simu hauandiki kabisa. Suluhisho ni kuingiza jina sahihi kama jina kuu, kisha umbo lisilo na mkato kama jina mbadala, ili utafutaji ulipate.

Vyeo viachwe nje. Dkt., Prof., Mheshimiwa na Balozi huchukua nafasi na huzeeka. Jaramogi ni hali ya pekee: lilikuwa jina la heshima, mtu wa Ramogi, likawa sehemu ya mtu mwenyewe.

Wenye maduka

Hofu ya kwanza ya wafanyabiashara ni hatimiliki. Hofu hiyo iondolewe mapema. Ardhi ya mji husajiliwa kwa sehemu, bloku na nambari, kwa mfano Kisumu Municipality, Block fulani, nambari fulani. Jina la barabara halimo. Sanduku la posta nalo halijui barabara: 40100 ya Kisumu au 20100 ya Nakuru inabaki vile vile. Mita ya umeme ina nambari yake, na nambari ya kulipia kwa M-Pesa haibadiliki.

Kinachobadilika ni pale anwani ya mahali imeandikwa kwa maneno. Leseni ya biashara ya kaunti, maelezo ya mlipa kodi kwa KRA, anwani ya ofisi ya kampuni kwa msajili kupitia eCitizen, mikataba ya kodi ya nyumba, bima, na akaunti za benki. Benki ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu karani wake huona anwani mbili na kudhani kampuni imehama. Kaunti inaweza kuondoa usumbufu huo kwa karatasi moja: barua yenye muhuri inayosema barabara iliyoitwa hivi sasa inaitwa vile tangu tarehe fulani, itolewe bure kwa yeyote kwenye barabara hiyo. Leseni isahihishwe wakati wa kuifanya upya Januari bila ada ya mabadiliko. Tarehe ya kuanza ikiwekwa mwezi wa Oktoba, mfanyabiashara atalipa mara mbili katika miezi mitatu, kwa mabadiliko na kisha kwa leseni mpya. Ikiwekwa tarehe 1 Januari, halipi zaidi ya kawaida.

Kibao

Tumefika kwenye nguzo. Herufi ya urefu wa milimita 100 husomeka vizuri kutoka mita 36 hadi 48 hivi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo dereva ana takriban sekunde 3 za kusoma na kuamua. Chini ya urefu huo wa herufi, kibao ni pambo.

Urefu huo una bei. Kila herufi pamoja na nafasi yake huchukua kama milimita 75. "Jaramogi Oginga Odinga Street" ina nafasi 29, sawa na kibao cha zaidi ya mita 2.1, ambacho upepo wa ziwa utakizungusha kama tanga. Fundi akiambiwa kibao kisizidi mita moja hupunguza herufi, na hapo hakuna anayesoma. Kiswahili kinatoa njia nzuri kuliko watu wanavyodhani. "Barabara ya Grace Onyango" kwa mstari mmoja ina nafasi 25, karibu mita 1.9. Weka "Barabara ya" juu kwa herufi za nusu urefu, na "Grace Onyango" chini kwa herufi kamili: nafasi 13, chini ya mita moja, wala hukulazimika kuandika Road.

Kila makutano yapate vibao viwili, kwenye pembe zinazotazamana. Barabara yenye makutano 6 inahitaji vibao 12, na bajeti nyingi huishia 2, kimoja kila ncha, ambavyo havimsaidii aliyeingilia katikati. Ukingo wa chini uwe angalau mita 2.1 kutoka ardhini ili usimkate mtu kichwa. Bomba lichomewe kipande cha chuma cha kulala chini kabisa kabla ya kuzikwa, kwa sababu bomba lililonyooka huzungushwa na kung'olewa usiku mmoja. Shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha 60, zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto): mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unakaribia kutosha mashimo matatu. Usifunge kibao kabla zege haijakaa wiki moja.

Wezi wa chuma chakavu walisumbua nchi kiasi cha serikali kusimamisha biashara hiyo Januari 2022, na ilipofunguliwa tena miezi michache baadaye nguzo hazikuwa salama kwa hilo. Alumini tupu ya milimita 3 ina soko. Bati la tabaka, alumini nyembamba pande mbili na plastiki katikati, halina thamani kwa mnunuzi wa skrepu, na bolti za kichwa kisichoshikika kwa spana ya kawaida hufanya kazi iliyobaki.

Majina yote mawili yakae pamoja mwaka mzima. Berlin na Pretoria hufanya hivi: jina jipya juu, la zamani chini yake likiwa limekatwa kwa mstari mwekundu. Mgeni mwenye ramani ya zamani hapotei, na konda ana muda wa kujifunza. Katika mwaka huo ndipo redio, makondakta na chama cha bodaboda wanapotakiwa kulipwa heshima ya kuombwa: matatu ikibandika jina jipya kwenye kioo cha mbele, jina limeshafika nusu ya safari. Kwenye ramani huria ya OpenStreetMap mkazi yeyote anaweza kuandika jina jipya na kulihifadhi la zamani katika sehemu yake. Kwenye Google Maps unapendekeza mabadiliko na kuambatisha picha ya kibao na nakala ya gazeti rasmi, na bila nakala hiyo pendekezo mara nyingi hukataliwa.

Baada ya miezi 12, kibao cha zamani kishushwe na mtu mwenye risiti ya kukipokea. Kimoja kipelekwe Kisumu Museum pamoja na majalada yote mawili, la jina lililoingia na la lililotoka. Vilivyobaki vikatwe vipande kabla havijaondoka yadi ya kaunti, la sivyo utakutana navyo sokoni Kibuye vikiwa mlango wa kibanda.